Pole ya Mtani

Babu yangu alikuwa fundi wa magodoro hapa Tabora, na wasiwasi ulimjaa kama sufi ilivyomjaa kwenye ndevu. Tukienda kuteka maji, alisimama mlangoni mpaka turudi. Mtoto akikohoa, Babu alikuwa ameshamfunika shuka na kumtuma mtu akachume mchaichai. Bibi alifariki mapema, mimi sikumwona. Babu akawalea watoto wake peke yake bila kuoa tena, kwa sababu, alisema, hakumwamini mtu mwingine kuwalaza. Nilipopata akili, yeye alikuwa mzee, lakini woga wake ulikuwa bado kijana.

Kwao kulikuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Manyema. Alivuka akiwa kijana pamoja na mjomba wake, wakachukua mizigo Ujiji kuileta huku kwa miguu, kabla hata ya reli. Karibu na Usinge mjomba akashikwa na homa, akafa. Msafara haukungoja. Walimfukia kando ya njia, wakaweka miiba juu ili fisi wasimfikie, wakanyanyua mizigo yao wakaendelea.

"Hakuna aliyemlilia, wala aliyemcheka," Babu aliniambia.

Kulia nilikuelewa. Kucheka kulinichukua muda, ingawa nilikuwa nakuona msibani tangu utotoni. Kwetu mtu akifa, watani wake wanakuja kuuvuruga msiba. Wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kunung'unika, wanalizuia jeneza mlangoni, wanadai wapewe kitu ndipo wapishe. Asiye na mtani anazikwa kama mpita njia. Wenyeji huzaliwa na watani wao, kabila kwa kabila. Babu, mtu wa kuja, alikuwa na mmoja tu, tena alimwokota njiani: Mnyamwezi wa Goweko, mchukuzi mwenzake, waliyegombana naye juu ya nani kabeba mzigo mwepesi. Matusi ya siku ile hayakuisha tena.

Mzee huyo wa Goweko alikuwa akija mjini kwa treni. Haoni haja ya kupiga hodi. Anaingia, anakalia kiti cha Babu, anamkamata kuku anayemtaka, kisha ndipo anauliza, "Mtumwa wangu, bado hujafa? Nimechoka kungoja." Babu anamjibu kwamba anamsubiri yeye atangulie akamfagilie njia. Shangazi zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sheria ya utani ni moja tu, kutokasirika. Ukikasirika umeuvunja.

Baba yangu, mtoto mkubwa wa Babu, alikuwa mwalimu. Soksi ndefu, kaptura iliyopigwa pasi ikasimama, na Kiswahili cha kwenye kitabu. Mambo ya kuitana watumwa aliyaona ya kishenzi, ila alikuwa akijizuia.

Babu akaugua tumbo. Alilazwa hospitali ya Kitete, wakamtibu mpaka walipotuambia tukae naye nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha uji. Siku moja mzee wa Goweko akatokea, akasimama mlangoni na kusema kwa sauti kubwa kwamba amekuja kupima urefu wa maiti, asije akachimbiwa shimo fupi.

Baba aliinuka. Alimwambia kwamba ndani mna mgonjwa, na kama hana heshima arudi kwao. Shangazi mkubwa alimvuta shati, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mzee alivua kofia, akasogea kitandani taratibu, akainama.

"Pole sana, mzee mwenzangu," alisema. "Mungu akupe nafuu."

Akatoka. Hata kuku hakumgusa.

Babu hakuunywa ule uji. "Amenipa pole," alisema. "Umesikia? Amenipa pole kama mtu baki." Nikamwambia pole ni jambo jema. Akaniangalia kama mtu anayesema na mtoto mdogo. "Mke wangu," akasema, maana ndivyo babu wanavyotuita wajukuu wa kike, "sasa nani atanizuia mlangoni?"

Tangu hapo nyumba haikukalika. Treni ikipiga honi Babu anauliza kama kuna mtu amekuja, nami natoka barabarani, narudi, nasema bado. Niliiogopa ile honi. Niliogopa Babu asije akafa kabla ya honi nyingine, na nikaogopa asije akaisikia akiwa hai, akaniuliza tena. Siku zile nilimchukia Baba, sitaficha. Nilimwekea chakula bila kumtazama usoni.

Mwishowe Baba mwenyewe akapanda treni kwenda Goweko. Alirudi kesho yake, peke yake, amenywea. Mzee alimpokea vizuri, alisema, na uzuri wenyewe ndio uliomtisha. Alimpa kiti, akamchinjia kuku, akauliza hali ya kila mtu nyumbani. Baba aliomba radhi, naye akajibu kwamba hana kinyongo, mwanangu, kula. Hakumtania hata neno moja.

"Amesemaje juu yangu?" Babu akauliza.

"Amekusalimu, Baba."

Babu akageukia ukutani.

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi. Baba aliwaomba watu wa reli wafikishe habari Goweko. Maiti ikaoshwa, ikavishwa sanda, jua likapanda. Treni ikaingia, watu wakapita na mizigo yao, wakaisha. Baba alitoka barabarani na kurudi, na kutoka tena. Shehe akamwambia kwa upole kwamba maiti haicheleweshwi. Sisi wanawake tulijazana dirishani. Nikamwona mjomba wa Babu kule Usinge na ile miiba, na watu wakinyanyua mizigo.

Jeneza likanyanyuliwa. Lilipofika mlangoni likasimama.

Mzee wa Goweko, kumbe kapitia uani, alikuwa amelala chali kizingitini, mikono kifuani, anakoroma.

"Nimekufa mimi," alisema bila kufumbua macho. "Nizikeni mimi. Huyo mvivu arudi ndani akanishonee godoro jingine, hili aliloniuzia lina magunzi."

Hakuna aliyecheka. Watu wote walimtazama Baba, maana kila mtu alijua nani aliuvunja utani na nani inampasa kujibu. Baba alisimama amelishika jeneza, macho mekundu. Nikadhani atamwomba radhi tena, na radhi ingeharibu kila kitu.

"Wewe tutakuzika bure," Baba alisema, sauti ikikatika, "maana hata sanda huna. Ondoka mlangoni kwangu, mtumwa wangu."

Shangazi mkubwa akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, nasi sote tukafuata. Mzee alifumbua jicho moja, akanyoosha mkono avutwe, akasimama. Akamvua Baba kofia, akaivaa yeye, akasema hayo ndiyo malipo yake. Kisha akaingiza bega chini ya jeneza, upande wa mbele.

Baba, ambaye hakuwa akitoka hata uani bila kofia, alikwenda kumzika baba yake kichwa wazi.