Mama wa Darubini

Mama wa darubini, kama tulivyomwita pale maabara, hugonga meza kwa ukucha kabla ya kutazama, kana kwamba anabisha hodi. Kisha huinama, mikono mgongoni, akivumisha wimbo puani. Wimbo ukikatika, sote hunyamaza.

Asubuhi ile ulikatika. Kwenye kioo cha darubini palikuwa na kipande cha uvimbe kutoka ubongo wa mtoto, kilichotiwa dawa inayogeuka kahawia pale tu histoni ilipoharibika. "Njoo uone, mwenzangu," aliniita. Akanieleza kwamba ndani ya seli uzi wa urithi huzungushwa kwenye vibiringo vya protini, ndivyo viitwavyo histoni. Katika saratani hii huingia kibiringo kinachofanana na vingine kama pacha, ila kina kasoro mahali pamoja tu. "Basi seli inasahau kukomaa, inabaki kuzaana." Nilitazama. Viini vilikuwa kahawia vyote, kama macho yaliyonigeukia kwa pamoja. "Ni pacha yule yule," alinong'ona, kama anayemsema jirani. "Kila mtoto, yule yule."

Akavua glavu, akatoka hadi kwenye korido, jambo asilolifanya kamwe; nikamfuata hadi mlangoni. Mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi.

"Umekiona hicho kitu?" mama huyo aliuliza.

"Nimekiona, dada. Daktari anakuja, mtazungumza."

"Na chenyewe kimekuona?"

Mama wa darubini alikaa ubavuni pake, akamshika mkono, akautazama mlango wa maabara niliouacha wazi. Akaniashiria niufunge.