Herufi Niliyoichora Mlangoni kwa Mama Kalista

Mama Kalista wa Kizwite aling'oa nusu ya paa la nyumba yake kwa sababu ya herufi moja niliyoichora mimi kwa chaki, na kabla sijajua kwamba ni mimi, nilikuwa nimeshasimama mbele ya majirani zake nikiwahimiza wamsake mchoraji. Naisimulia aibu hii mwenyewe kwa sababu wengine wanaisimulia, na wanatia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Katandala, zamani niliwahi kuripoti redioni (ndiyo maana siwezi kupita penye watu watatu wamesimama bila kuuliza kuna nini), na sasa nasoma shahada ya pili ya ushauri nasaha. Utafiti wangu unahusu jinsi wajane wanavyouzungumzia msiba baada ya miaka kupita. Katika kusoma nilikutana na tabibu mmoja wa nafsi, Mfaransa, aliyependa kuandika mawazo yake kwa alama kama za hesabu, na mojawapo ni S kubwa iliyokatwa kwa mstari wa mshazari. Ilinichukua wiki mbili kuielewa, na nilipoielewa nikawa naichora kila mahali, kwenye bahasha, pembeni ya andalio la somo, hata kwenye vumbi la kioo cha kabati.

Jumamosi moja, mvua zikiwa ndiyo zinaanza, nikaenda Kizwite kuwahoji wajane kumi na mmoja. Msimamizi wangu alikuwa ameniagiza nisiandike jina la mtu, nyumba zenyewe hazina namba, na mimi napenda mambo yangu yaende kwa utaratibu, basi nikaamua (uamuzi wenyewe haukuzidi muda wa kupiga chafya) kwamba kila nyumba nikiimaliza nitaweka alama mlangoni nisije nikairudia. Mkobani nilikuwa na chaki nyekundu tu, nyeupe ziliishia darasani. Mwingine angeweka alama ya vema akaenda zake. Mimi nikachora S yangu, nikaikata mstari, nikajisikia msomi.

Sasa, mwenye nyumba yeyote nchi hii anajua alama nyekundu ukutani maana yake ni nini, na mimi najua vilevile. Na wiki ileile wapima ardhi walikuwa wamepita Kizwite na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakapima, wakaondoka bila kusema neno.

Jumatatu natoka kazini, dereva wa bodaboda akaniuliza kama nimesikia kwamba Kizwite wanabomolewa, watu wameshachorewa alama. Sikuuliza alama gani. Nikapanda, nikamwambia twende.

Nilimkuta Mama Kalista anafunga vyombo kwenye shuka. Kitanda kilikuwa nje, magunia ya mahindi nje, mabati yameegemezwa ukutani, shemeji yake yuko juu anang'oa misumari, na mlango umeshatolewa, umelazwa kifudifudi, masufuria yamepangwa juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenikuta nahama."

Alikuwa anakwenda kwa kaka yake, kijijini Msanzi. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, na hakutaka tingatinga limkanyagie mabati. Wakija wakute kuta tu, alisema.

Nikatoa daftari. Nani kachora, saa ngapi, kavaa nini, kaonyesha barua gani? Hakuna aliyemwona. Ari ya redioni ikanipanda, na mimi nikapanda juu ya rundo la matofali, nikawaambia kwamba mtu anayechora mlango wa mjane bila barua ni mwoga, kwamba asakwe, aletwe hapa, aeleze hadharani alama yake ina maana gani. Wakanipigia makofi. (Makofi yale nayasikia mpaka leo.)

Mwenyekiti wa mtaa, mtu mpole, akasema yeye hana barua yoyote, tena alama yenyewe haielewi, maana si ile X ya bomoabomoa. Akaomba mlango uinuliwe.

Wanaume wawili wakauinua. Mwandiko wangu naujua, mkia wa S yangu hujikunja kama ndoano. Nilifikiria kunyamaza, sitadanganya. Lakini mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya milima, na yale magunia yalikuwa wazi.

"Mwenyekiti," nikasema, "mchoraji ni mimi."

Nyundo ikanyamaza juu ya paa. Kisha sauti ya mama mmoja nyuma ikasema taratibu, "Si ulisema aeleze hadharani, Madamu? Eleza."

Nikaeleza, nikiwa bado juu ya matofali. Kwamba S ni mtu anayesema. Kwamba mtu akishajitia kwenye maneno, kuna kipande chake kinachobaki nje ya maneno hayo, kipande ambacho hata yeye mwenyewe hakijui, na ule mstari ndio mkato huo. Mtu mmoja akauliza kama mkato huo unahitaji paa kung'olewa. Wakacheka, nami nilistahili.

Mama Kalista hakucheka.

"Kwa hiyo Jumamosi nilipokwambia msiba nimeshauzoea, ukatoka nje ukanikata mstari."

"Si wewe tu, mama. Ni kila mtu anayesema."

"Na wewe unasema sana. Kwako umechora?"

Nikavua viatu, nikapanda ngazi. Shemeji alinitazama, akanipa nyundo. Walio chini walinyoosha misumari iliyopinda, wakakata ndala za zamani vipande vidogo vya kuweka chini ya kila msumari maji yasipite, na tulibakiza bati mbili tu mvua iliponyesha. Gunia moja lililowa. Nilishuka nimelowa chapachapa, sketi imechanika, nikalianika gunia hilo mwenyewe kesho yake, halafu nikapita nyumba zote kumi na moja na kitambaa kibichi, kila mlango salamu, maelezo, msamaha, kufuta. Utafiti sikuuacha na sitauacha, ila nimeapa sitaweka tena kwenye mlango wa mtu kitu ambacho mwenye mlango hawezi kukisoma.

Alhamisi asubuhi nilifungua mlango wangu Katandala niende kazini, nikaikuta hapo. S kubwa, chaki nyekundu, imekatwa mstari, na mkia wake haujikunji. Mwenyekiti amekana. Shemeji amekana huku anacheka. Mama Kalista aliniuliza tu kama nimeshaisoma.

Sijaifuta. Na katika watu wote wa Kizwite, hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambia ninapokaa.