Gari la zahanati linalia, Mama Pacha anasikiliza

Jua bado halijavuka ukuta wa gereji, na Mama Pacha tayari yuko chali juu ya kipande cha boksi, chini ya gari la zahanati. Ekseli ya nyuma imekalia stendi mbili, magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa magogo. Injini inanguruma, magurudumu ya nyuma yanazunguka hewani. Ncha ya bisibisi ndefu ameigandamiza kwenye chuma, mpini ameubana sikioni. Amefumba macho.

"Kanyaga mafuta kidogo, mzee!"

Chini ya gari panatoka mlio mwembamba, mrefu, wa kukera meno.

"Achia!"

Mlio unateremka, unageuka mguno.

"Mwanangu, unasikiliza au umelala?" anauliza dereva, mzee mwenye kofia iliyofifia ambaye kila mtu pale zahanati humwita Kapteni.

"Nikilala nakoroma, utajua tu. Kanyaga tena."

Anahamisha bisibisi. Kwanza giaboksi: hakuna kitu. Kisha transfa, kile kisanduku kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma: hakuna kitu. Anajiburuza kwa mgongo hadi kwenye difu ya nyuma, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Anagusa, na papo hapo anatoa sikio kama aliyepigiwa kelele.

"Zima, mzee. Nimempata."

Gari lenyewe ni foo-wili la zamani, la zamani kuliko baadhi ya wauguzi wanaolipanda. Mara mbili kwa mwezi linavuka mto na kupanda vijiji vya mlimani likiwa na mkunga, mizani ya watoto na sanduku la chanjo. Halina redio, na kioo kimoja kinapanda kwa kusukumwa na mkono. Lakini halijawahi kumwacha mtu njiani.

Wiki iliyopita lilirudi kutoka safari salama. Siku chache baadaye, ghafla, likaanza kulia. "Kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo," anasema Kapteni. "Nikiongeza mwendo, na yeye anaongeza."

Gereji ya kwanza waliyoenda iliwaambia giaboksi na transfa zimekwisha, zote zishushwe. Kamati ya zahanati iliposikia gharama, ikaona heri gari liuzwe. Safari za mlimani zingekoma, na wajawazito wa huko wateremke wenyewe, kwa miguu au kwa pikipiki. Uamuzi ulipangwa kufanyika kesho mchana.

Mkunga, mama wa sauti nene anayeitwa Sista na wote, akagoma. "Niliwaambia, kabla hamjauza, nipeni siku moja. Kuna mtu nataka alisikilize."

Mtu huyo alikuwa na sababu zake za kulijua gari hilo.

Miaka kumi na moja iliyopita, Mama Pacha alijifungua ndani yake. Alikuwa ameenda kumwona mama yake mlimani, uchungu ukamshika kabla ya wakati, na Sista, aliyekuwa huko na gari, akaamua hawawezi kungoja. Wakaanza kuteremka. Wakafika nusu ya njia.

"Wa kwanza alitoka vizuri, hana shida na mtu," anasimulia, akifuta mikono kwa tambara. "Wa pili alitanguliza miguu, kama fundi anayetoka chini ya gari. Sista alinifokea mpaka nikasahau maumivu. Kapteni alisimama nje ameshika tochi, amegeuza uso, anaimba ili asisikie."

"Nilikuwa naomba," Kapteni anakataa.

"Ulikuwa unaimba, mzee. Tena vibaya."

Wasichana hao wawili sasa wako darasa la tano. "Kila nikiwaona wanagombania kitana, namshukuru Mungu, halafu namshukuru Sista, halafu nalishukuru hili gari. Lingezimika siku ile, ningekuwa na mmoja, au nisingekuwepo kabisa."

Wakati huo alikuwa karani wa stoo katika gereji ya shemeji yake. Alitoa spana asubuhi, akazihesabu jioni. Kazi ya difu aliipata kwa sababu hakuna aliyeitaka. Difu ni nzito, na oili yake inanuka harufu inayokaa kwenye nywele hata uoge mara ngapi.

"Kwenye basi watu wananihama," anasema. "Mume wangu aliniambia atazoea. Mpaka leo ananiambia atazoea."

Shemeji alimfundisha kwa miaka mitatu, na anamtaja kwa heshima. "Angeweza kuniambia rudi stoo. Hakuniambia. Mama mkwe akanilelea watoto, naye angeweza kusema mwanamke gani huyu. Hakusema. Watu wanasema nimejituma. Sawa, nimejituma. Lakini kuna walionishikia watoto nikijituma."

Leo ana sehemu yake mwenyewe: paa la bati, meza ya chuma, na uwanja wa kokoto. Wiki nzuri anapata magari matatu. Wiki mbaya anafagia uwanja.

Gari lilipofika, hakulifungua. Alipanda na Kapteni, wakaenda nalo barabarani.

Walipofika kwenye mteremko alimwambia azime injini na kuliacha liserereke bila gia. Mlio ukabaki. Kumbe haufuati injini, unafuata magurudumu. Akamwambia ayumbishe usukani kushoto na kulia. Mlio haukubadilika, kwa hiyo si beringi za magurudumu. Akashuka akafungua habu za mbele, vile vifungo vinavyounganisha magurudumu na ekseli, ili difu ya mbele isizunguke kabisa. Wakaenda tena. Bado unalia.

"Hapo nilishajua uko nyuma, ila kujua si kugusa. Ndiyo maana nikaingia chini na bisibisi."

Yule fundi wa kwanza hamlaumu. "Mlio wa chuma unasafiri. Unatoka nyuma, unapita kwenye fremu, unatokea chini ya kiti cha dereva. Ukiwa umekaa mbele utaapa ni giaboksi. Mimi mwenyewe imeshanitokea."

Sasa anaweka beseni chini ya difu na kulegeza nati ya kumwagia oili. Kapteni anachuchumaa. Sista, aliyefika kwa miguu kutoka zahanati, anasimama nyuma yao, mikono kiunoni.

Inayotoka si oili. Ni kitu kizito cha rangi ya chai ya maziwa.

"Maji," anasema Mama Pacha.

"Maji yameingiaje?" Kapteni anashtuka. "Haiwezekani! Mimi nilihakikisha hayaingii!"

Mama Pacha anamtazama. "Ulihakikisha vipi, mzee?"

Kapteni anavua kofia. Safari ya mwisho mto ulikuwa umejaa, anaeleza. Ana uzoefu, anajua kwamba juu ya ekseli kuna kibomba cha kupumulia, na aliogopa maji yasije yakaingilia hapo. Basi akakata ukanda wa mpira, akakifunga kibomba vizuri, akavuka.

"Nilikaza kweli," anasema, bado na fahari kidogo.

Mama Pacha anaingiza mkono juu ya ekseli, anapapasa, anatoka na ukanda mweusi wa mpira wenye fundo. Sista anacheka, kicheko kikubwa cha kutikisa mabega.

"Kapteni! Umelifunga gari pua!"

"Msinicheke. Nilikuwa nalilinda."

"Najua, mzee," anasema Mama Pacha kwa upole. "Sikiliza. Umetoka mbali, difu ina moto, hewa ndani imejaa. Ukaingia kwenye maji ya baridi. Hewa ikasinyaa, difu ikataka kuvuta pumzi. Pua umeifunga. Ikavutia wapi? Kwenye sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Na sili wakati huo ziko ndani ya maji. Ungeiacha wazi ingevuta kwa juu, hata kama ni matone mawili."

Kapteni anakaa kwenye tairi. Fahari imemtoka. "Kwa hiyo mimi ndiye nimeliua."

"Hatujajua kama limekufa."

Na hilo ndilo swali. Sumaku ya nati ya kumwagia ina tope laini la chuma. Tope si baya sana. Vipande ndiyo msiba, kwa kuwa vipande maana yake meno ya gia yamevunjika, na meno ya gari la umri huo hayapatikani dukani. Ikiwa meno yameliwa, kamati ina haki ya kuuza.

Anachomoa vyuma viwili vya ndani ya ekseli, anafungua propela, mhimili unaoleta nguvu kutoka mbele, anakumbatia difu na kuishusha kifuani, akikataa msaada. Anaiweka mezani na kuiosha kwa dizeli. Mama Pacha anapitisha kidole kwenye jino moja baada ya jingine, polepole, akiizungusha gia, midomo imekazwa. Anarudia duru nzima. Anachukua tochi, anatazama tena.

"Meno mazima," anasema mwishoni. "Ni beringi tu. Beringi zimeingia kutu, ndizo zinazolia. Meno mazima, Sista."

Sista anageukia ukutani. Anatumia muda mrefu kutafuta kitambaa mfukoni.

Sista akaiomba kamati isubiri, na beringi na sili zikapatikana mjini. Kuzifunga kukachukua siku nzima, maana difu haifungwi kwa nguvu tu. Anapaka rangi kidogo kwenye meno, anazungusha, anasoma alama inavyokaa, anafungua, anarekebisha, anapaka tena. Mara ya nne ameridhika.

Kazi hiyo hakuifanya bure, na hana haya kusema. Sista mwenyewe ndiye aliyemkatalia. "Ukinifanyia bure, mara nyingine nitaona aibu kukuletea," alimwambia. Wakakubaliana bei ya kawaida. Shukrani yake aliitoa kwa namna nyingine: kibomba cha kupumulia alikiunganisha na mpira mrefu, akaupandisha hadi karibu na kichujio cha hewa, juu kuliko maji yoyote ambayo Kapteni atathubutu kuyaingia.

Mwenyekiti wa kamati alikuja kulipanda ahakikishe. Walizunguka naye barabara ya lami, kisha ya vumbi. Aliporudi alisema kitu pekee kinacholia ni kiti alichokalia. Habari ya kuuza haikutajwa tena.

Kapteni amemletea Mama Pacha madereva wengine wawili wanaovuka mto uleule. Kumbe nao hufunga vibomba vyao, na ni yeye aliyewafundisha. Sasa anawafundisha upya, kwa sauti kubwa, kana kwamba ni elimu yake.

"Mwache," anasema Mama Pacha. "Kama ujumbe unafika, usemwe na yeyote."

Mpango wake ni kuweka mipira hiyo kwenye kila gari linalopanda mlimani kabla ya mvua kubwa, na kujenga uwanjani kwake shimo la saruji la kusimamia chini ya magari, mgongo upumzike. Lakini ukimuuliza anatamani nini hasa, hataji shimo.

"Natamani hawa watu wapite hapa wasiwe na sababu ya kusimama."

Ni siku ya safari. Gari la zahanati linatokea kwenye kona, limejaa masanduku. Kapteni anapunguza mwendo kwa mazoea. Sista ametoa mkono dirishani. Mama Pacha yuko chini ya gari la mtu mwingine, na anachoonyesha ni kiganja tu, kikipunga: nendeni, nendeni.

Kisha anatulia, ametega sikio. Matairi yanaponda kokoto. Kapteni anabadili gia, anaongeza mwendo kuelekea mtoni. Mama Pacha anasikiliza mpaka gari linapotea, na hasikii kitu.

"Alhamdulillahi," anasema, na kuomba spana namba kumi na saba.