Jina Ubavuni mwa Mstari

Dada Maelezo alikuwa akifika kazini amechoka kabla hata hajawasha kompyuta. Miaka tisa alikuwa akiandika kurasa za maelezo ya programu yetu ya kutunza kumbukumbu ya kila badiliko mafundi wanalofanya kwenye mafaili ya kompyuta, kurasa ambazo watu huzikumbuka wakishakwama tu. Mimi nilikaa meza ya pili kutoka kwake, kwa hiyo miguno yake yote naijua.

Wiki ile alihangaika na sentensi moja. Programu ina amri inayoweka jina la mtu ubavuni mwa kila mstari wa faili, na ukurasa ulisema: "Hili ni jina la aliyeandika mstari." Si kweli. Ni jina la aliyeugusa mwisho, hata kama aliongeza nafasi tupu tu.

Na mtu wa nafasi tupu tulikuwa naye: Mzee Usafi, fundi wetu mkongwe, asiyeweza kuona mistari imekaa kombo akanyamaza. Mwaka uliotangulia alinyoosha faili zima la zamani lililoandikwa na wengine, kwa nafasi tupu tu. Mwezi ule faili lile likaangusha mtambo wa wateja siku mbili, meneja akalitazama kwa amri ile, akaona jina la mzee kila mahali. Mzee akaambiwa akae nyumbani mpaka Ijumaa, uamuzi utoke.

Dada alirekebisha sentensi Jumatatu. Lakini wakaguzi wake, ambao bila idhini yao ukurasa haubadiliki, watu wasio na haraka na maisha ya mtu, wakabishana siku tatu kama iwe "amri" au "agizo". Nilitamani kuwazaba vibao. Alhamisi Dada akachoka kusubiri, akamfuata meneja, nami nyuma yake.

"Bosi, ukurasa ulikosea, jina lile ni la aliyeugusa mstari mwisho tu. Niliuandika mimi."

Meneja alisoma sentensi mpya mara mbili, akajikuna kisogo. "Kumbe! Basi mpigie, kesho aje kazini."

Dada alimpigia mzee palepale mezani kwa meneja, simu kwenye spika, akamwambia kesho aje kazini; nami nikisikiliza, nimeshaanza kutabasamu.

"Mbona nimeshakiri, mwanangu?" mzee alisema taratibu. "Asubuhi nimetuma barua. Nimeacha kazi."

"Lakini Mzee, si wewe uliyeandika!"

"Hata mimi sikukumbuka kuandika. Nikafungua ukurasa wako, nikasoma. Nikasema, huyu binti hakosei. Basi ni mimi, kichwa kimeanza kuniacha. Mke wangu nimeshamwambia asinipe tena funguo za gari."

"Mzee, nisikilize. Kosa ni langu."

"Usinibembeleze, mwanangu," akasema, akakata simu.