Magurudumu Yasiyolia

Mtoto wa marehemu mdogo wangu ni daktari. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wakinisikia nikimsimulia kwa sauti hii ya chini hudhani amekufa au amefungwa. Hajambo. Anaamka, anakwenda kazini, anavaa koti jeupe ambalo mama yake bado anampigia pasi. Kilichompata ni kingine, na mkono wangu umo.

Mimi nilikuwa msukuma machela. Miaka thelathini na mmoja katika hospitali ya zamani ya mjini, ile ambayo siku hizi wameigeuza ofisi. Wenzangu waliniita Breki, kwa kuwa nilikuwa nakisimamisha kitanda kwa kisigino, pap, pale pale daktari alipotaka. Shule niliishia darasa la sita. Lakini kitanda cha magurudumu nakijua vizuri. Kilicho kizima hukisikii. Kikilia, ujue mpira umekwisha, au nywele za watu na nyuzi za bandeji zimejiviringisha kwenye ekseli, na siku moja kitagoma. Nilitembea na kichupa cha mafuta ya cherehani mfukoni. Nilikuwa nakijaza kwa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, mshonaji wa sare za shule, ndiyo maana suruali zangu zote zina doa upande wa kulia.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuezeka. Siku aliyoanguka kutoka juu ya paa, mimi ndiye niliyempokea mlangoni. Kitanda kilichokuwa wazi ni kile chenye gurudumu bovu. Nilikuwa nakijua, na nilikuwa nimejiambia nitakitengeneza baada ya kula. Kwenye kizingiti cha chumba cha dharura kikakwama. Nikavuta, nikainua, nikatukana. Zikapita dakika mbili, labda tatu. Yeye alikuwa anahema kama mtu aliyekaliwa kifuani. Saa haikuisha, akakata roho.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa magurudumu. Nikiingia hospitali yoyote, hata kumwona jirani aliyejifungua, nainama kwanza. Shemeji alikuwa ananitania kwamba laiti gurudumu lingekuwa na wazazi, ningeshapeleka posa.

Binti yao alikuwa na miaka tisa baba yake alipokufa. Tulimwita Sindano, kwa wembamba na kwa maneno yake. Alisoma kwa hasira. Akaupata udaktari, akafanya kazi mwaka mmoja huku na huko, kisha akaja kutuambia anataka kusomea ubingwa wa tiba ya dharura. Mama yake akamwambia kuna ubingwa wa ngozi, madaktari wa ngozi wanakula chakula kikiwa moto. Sindano akasema, "Mama, mimi nataka kuwa yule mtu ambaye hakuwepo." Nilidhani anasema juu yangu na kile kitanda. Nikaangalia chini.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kulikuwa na hospitali mbili tu zinazofundisha ubingwa huo. Unajaza fomu, unaandika ya kwanza na ya pili, na ukishapangiwa umepangiwa, miaka minne, hakuna kuhama. "Ni ndoa isiyo na talaka, baba mkubwa," aliniambia. Kabla ya kujaza waliruhusiwa kuzitembelea. Akaniomba twende wote, kwa sababu, alisema, mimi naona vitu ambavyo wasomi hawavioni. Neno hilo lilinivimbisha kichwa siku tatu.

Tulianza na ile watu waliyoiita ya Bati, kwa ajili ya paa lake. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Tangu getini nilisikia magurudumu yakilia kama vifaranga. Kitanda kimoja kilikuwa na ubavu uliofungwa kwa bandeji. Wagonjwa walikuwa wengi, ndugu zao wengi zaidi, na katikati alisimama daktari bingwa mmoja, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wote walimwita Mama Mkali, mbele yake pia. Mwanafunzi wake alikuwa anamwingiza mwanamume mmoja mrija ubavuni, wa kutoa hewa iliyombana kifuani, na mikono ilikuwa inatetemeka.

"Toa, anza tena," yule mama alimwambia. "Vidole vyako vinaniangalia mimi. Viangalie mbavu."

Kijana wa watu masikio yalimwiva. Akaanza tena. Mrija ukaingia, yule mwanamume akavuta pumzi ambayo hata mimi niliyekuwa mlangoni niliisikia. Mama Mkali hakusema vizuri wala vibaya, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nikamtazama Sindano. Alikuwa amesimama kama mtoto mbele ya duka la peremende. Alimfuata yule mama, akamwuliza, mwanafunzi wa hapa anaweka mirija kama ile mingapi mpaka amalize. Akajibiwa kwamba hapo watu wanahesabu mpaka wanachoka kuhesabu.

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye ekseli. Nywele tupu. Nilitaka tuondoke.

Alhamisi tukaenda ya pili, ya Vioo. Jengo jipya, sakafu unajiona uso. Tulipewa chai. Vitanda vilikuwa vimepangwa ukutani kama askari. Nikakisukuma kimoja kwa kidole, kidole kimoja tu, kikaenda mpaka upande wa pili wa chumba bila kutoa sauti. Nilitaka kulia. Niliona kizingiti kile cha zamani, nikaona kitanda hiki kinakivuka kama maji.

Bingwa wa pale alikuwa bwana mpole. Aliniuliza nilifanya kazi gani, nikamwambia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya watu na kusema wasukuma machela ndio uti wa mgongo wa hospitali. Miaka thelathini na mmoja hakuna daktari aliyewahi kuniambia hivyo. Naliandika hili ili msomaji ajue nilinunuliwa kwa bei gani.

Sindano aliuliza wagonjwa wako wapi. Yule bwana akatabasamu, akasema leo ni siku nyepesi. Sindano akamwuliza mwanafunzi mmoja kuhusu mirija ya kifuani, na mwanafunzi akamtazama mkubwa wake kwanza kabla ya kujibu kwamba mafunzo yanatolewa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mpira wa gurudumu jipya hutoka kiwandani na vinyweleo, vijipira vyembamba kama ndevu za mahindi. Kitanda kikifanya kazi wiki moja, hata nusu wiki, vyote vimekatika. Siku ile nilipitisha kidole chini ya vitanda vya Vioo nikavigusa. Vilikuwepo. Na yule bwana alikuwa ametuambia, dakika tano tu nyuma, kwamba vitanda vile vina miaka miwili. Mtu mwingine yeyote asingejua maana yake. Mimi nilijua, au mkono wangu ulijua. Nikajiambia, hawa wanatunza vitu.

Fomu ilijazwa Jumapili mchana kwa shemeji, juu ya meza ya kukatia nguo. Sindano alikuwa ameshaandika kwa penseli, Bati ya kwanza, Vioo ya pili. Mama yake akasema yule mama mfupi atamfokea mbele ya watu miaka minne.

"Anafoka wagonjwa wakiwa hai," Sindano alijibu.

Nikaanza mimi. Nikasema habari za ekseli, bandeji, kelele. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Baba mkubwa, mgonjwa hafi kwa kelele."

Ningenyamaza hapo. Chai ilikuwepo, ningekunywa. Badala yake nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema mbele ya mtoto yule tangu mazishi.

"Kwa vitanda vile vya Vioo, baba yako angefika."

Cherehani ya shemeji ikasimama. Sindano aliitazama fomu. Halafu akachukua kifutio, akafuta, akapuliza. Takataka za kifutio zilitua juu ya kitambaa cha bluu cha sare za watu, na shemeji akazipangusa kwa kiganja. Sindano akaandika kwa wino, Vioo ya kwanza.

Akapata. Tulifurahi. Mwezi wa kwanza nilimwuliza vitanda vinaendeleaje, akasema vizuri. Mwezi wa tatu aliacha kuzungumza habari za kazi. Mwaka wa pili ndipo aliponieleza, bila hasira, kama mtu anayesoma ratiba. Vioo hawakutaka mgonjwa afie ndani, kwa sababu ya taarifa zao za kila mwezi. Kwa hiyo mlangoni palikuwa na mtu wa kuchuja. Homa, vifundo vilivyoteguka, mtoto aliyemeza kishikizo, hao waliingia. Aliyekuwa na hali mbaya kweli aliandikiwa barua ya rufaa akiwa bado ndani ya gari, akapelekwa Bati. Kazi kubwa ya wanafunzi ilikuwa kuandika barua zile. Kuhusu mirija ya kifuani, walikuwa na mdoli wa plastiki.

Nikamwuliza, na vitanda? Akasema vinasukumwa wakija wageni.

Mwaka wa tatu aliletwa fundi wa kuezeka. Sikutaka kuamini aliponiambia, karibu nimwambie Mungu aache mzaha. Kijana, ameanguka, anahema kama amekaliwa kifuani. Sindano alipanda ndani ya gari. Aliijua dawa yake, ni mrija ubavuni, kazi ya dakika chache kwa mkono uliozoea. Akapiga simu kwa bwana mpole. Bwana mpole akasema kwa upole, andika rufaa. Angeweza kukaidi, aliniambia, na vifaa alikuwa navyo. Lakini alipoweka vidole kwenye mbavu za yule kijana vikatetemeka, na hapakuwa na mtu wa kumwambia anza tena. Akaandika rufaa. Gari halikufika Bati.

Alikuja kwangu siku iliyofuata, mchana, bado na koti lake. Nilijaribu kusema kitu kuhusu foleni za barabarani.

"Gurudumu halikumuua baba," akasema. "Ungewahi kwa dakika zako tatu, ungemkabidhi nani?"

Nikakumbuka chumba kile. Nilikuwa sijawahi kukikumbuka kupita kile kizingiti, akili yangu ilikuwa inasimama pale pale kitanda kilipokwama. Ndani mlikuwa na muuguzi mmoja na daktari kijana aliyesimama ameshika mikono yake mwenyewe. Alikuwa ananitazama mimi, msukuma machela, kana kwamba nimekuja na jibu. Hakuna aliyejua la kufanya. Mtoto wa miaka tisa alilielewa hilo kwa kusikiliza wakubwa wakizungumza msibani. Mimi niliyekuwepo sikuelewa.

Sindano hakungoja jibu, alikuwa nalo tangu utotoni.

Alimaliza miaka minne, akapewa cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu. Kipo ukutani kwa mama yake. Akaomba kazi Bati. Mama Mkali, amezeeka sasa, alimwuliza ameweka mirija mingapi kwa mkono wake. Akasema minne, yote kwa mdoli. Yule mama hakufoka. Sindano anasema hilo ndilo lililomuuma, angefoka angejisikia nafuu. Alimwambia angempokea kesho kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ila kanuni haziruhusu, maana karatasi inasema ameshajua. Akamwuliza kwa nini hakuichagua Bati tangu mwanzo, kwa kuwa alimkumbuka, yule binti mwembamba aliyemfuata nyuma siku ile. Sindano anasema alimjibu ni mambo ya familia.

Kwa hiyo yuko Vioo, ameajiriwa. Mshahara haukawii. Wana kitengo cha kupokea wageni, na kwa kuwa anaongea vizuri wamemweka yeye. Madaktari vijana wanaotaka kusomea ubingwa wakija na ndugu zao kabla ya kujaza fomu, ndiye anayewatembeza.

Ijumaa iliyopita alikuja kuniona. Bado ananiamkia shikamoo kwa adabu ile ile, bado ananiletea dawa za presha, lakini tangu siku ile ya koti hajaniuliza ushauri, hata wa rangi ya pazia. Nikapiga moyo konde, nikamwuliza wageni wakimwuliza wagonjwa wako wapi huwa anawajibu nini.

"Nawaambia leo ni siku nyepesi."

Nikamwuliza na baada ya hapo anawaonyesha nini.

"Vitanda, baba mkubwa. Namwambia mzee wao asukume kwa kidole kimoja."

Akaniongezea chai, akaniuliza kama sukari imekolea. Nikasema imekolea.