Kipande cha katani kwenye mkanda wa Loyce

Saa moja na nusu asubuhi, Gaspari Ntandu amesimama chini ya mkaratusi nyuma ya madarasa ya shule ya msingi huko Ilongero, mkoani Singida. Mita kumi na mbili juu yake, binti yake Loyce amekwisha kujifunga kwenye shina. Anateremsha kamba ili apandishiwe msumeno wa mnyororo, ambao wao huuita mashine.

Gaspari hana haraka. Anatoa mfukoni kipande cha kamba ya katani, chembamba kuliko penseli, urefu wa dhiraa mbili. Ncha moja anaifunga kwenye mpini wa mashine. Nyingine ina kitanzi cha kuingia kwenye mkanda wa mpandaji.

"Nyuma, kushoto," anapaza sauti. "Pete ndogo."

"Naijua, baba."

"Mbele usiiweke."

"Baba, naijua."

Mkanda wa kupandia miti una pete kadhaa. Za mbele na za ubavuni zinabeba mtu. Ile ndogo ya nyuma, juu kidogo ya nyonga, haibebi mtu. Hapo ndipo Gaspari anataka mashine ining'inie, ncha yake ikitazama chini, mbali na paja.

Kuhusu mahali hapo baba na binti hawabishani. Wanabishania katani. Wiki iliyopita Loyce, mwenye miaka 29, alinunua ugwe wa nailoni wenye kulabu ya chuma. Leo umelala kwenye nyasi, bado una karatasi ya dukani.

"Unabeba kilo elfu mbili," Loyce alimwambia baba yake.

"Ndiyo maana siutaki."

Gaspari, mwenye miaka 61 na mkazi wa Unyambwa, aliianza kazi hii mwaka 1985 mjini Manyoni. Alifundishwa na mzee Yeremia, aliyekuwa akikata matawi kandokando ya njia ya reli. Mashine hazikuwapo. Palikuwa na panga, msumeno wa mkono na kamba za katani zilizosokotwa nyumbani.

"Mzee alivaa panga mgongoni, kwa katani nyembamba," anasimulia. "Nikamuuliza, mbona isiwe kamba nene? Akanijibu, mti ukilitaka panga, uupe."

Anakumbuka harufu ya kamba hizo zikilowa, na asubuhi walizokula viazi vitamu juu ya tawi kwa sababu kushuka na kupanda tena kulikuwa kupoteza nguvu. Siku hizo, anasema, mtu aliusikia mti ukilia kabla haujapasuka. Sasa mashine inazima kila sauti.

Yeremia alipofariki, nailoni ilikuwa imejaa madukani. Gaspari akaitupa katani. Mwaka 2004, akiwa kwenye mgunga hukohuko Manyoni, alifunga mashine kwa nailoni kwenye pete ya mbele, ileile iliyombeba yeye. Tawi likapasuka kabla hajamaliza kulikata. Likaubana msumeno, likaondoka nao. Kamba haikukatika.

"Nilivutwa nikapigwa kwenye shina kama nguo inayofuliwa," anasema. Mbavu tatu zilivunjika. Kwa miezi mitano mkewe, Damari, alilima alizeti peke yake. Siku moja, bila kuambiwa, Damari alikata majani ya mkonge uani, akayapara na kuanza kusokota kamba za katani. Hajaacha hadi leo.

Mkaratusi wa leo Gaspari anaufahamu kuliko mti wowote. Mwaka 1974, akiwa darasa la tatu hapa, ni yeye aliyeupanda.

"Kila mtoto alikuja na maji yake kwenye kibuyu," anasema. "Aliyekuja mikono mitupu alirudishwa kwao akachote. Mimi nilirudishwa mara mbili."

Ilikuwa mikaratusi kumi na minane. Umebaki huu, nao umeinamia paa la darasa la kwanza. Shule inataka uondolewe kabla ya mvua. Gaspari angependa kuukata mwenyewe, lakini goti lake lilikataa kupanda miaka miwili iliyopita. Kwa Loyce, huu ndio mti wa kwanza wa ukubwa huu.

Matawi mawili yanashuka salama. La tatu ni zito, na limeelekea uwanjani. Loyce analikata kutoka juu. Msumeno ukiwa katikati, tawi linapasuka kwa urefu, linainuka kidogo, kisha linaporomoka na mashine ikiwa imebanwa ndani yake.

Loyce anayumba mara moja. Katani inakatika. Mashine inagonga mzizi chini, mpini unaruka pembeni.



"Baba, imekatika."

"Nimeona. Wewe je?"

"Nipo."

"Mbavu?"

"Zipo zote."

Mwalimu Peniel, aliyekuwa akitazama kutoka mlango wa ofisi, anaokota mpini. "Mzee, shikamoo tena. Mashine imekufa."

"Marahaba. Mashine haina mama," Gaspari anajibu, na kukaa chini.

Mashine iliwagharimu shilingi milioni moja na laki mbili. Mti mkubwa huwapa laki tatu. Fundi wa Singida mjini, aliyepigiwa simu palepale, anasema mpini unapatikana na kazi itaendelea Jumatano.

Loyce anashuka polepole. Anauokota ugwe wa nailoni, anaichana karatasi yake, na kuutumia kufunga magogo kwenye guta lao la kubebea mizigo. Kisha anamkaribia baba yake.

"Mama anazo kamba za katani ngapi nyumbani?"

"Moja."

"Haitoshi."

Gaspari anasema ua wa mkonge nyumbani kwake Unyambwa umebaki mashina manne. Majirani wameshang'oa yao na kujenga kuta za matofali. Mvua zikianza atapanda arobaini. Mkonge huchukua miaka kadhaa kufaa kwa kamba, na hilo analijua.

"Mimi nitakuwa sipo kazini," anasema. "Yeye atakuwepo."

Loyce, aliyekwisha kupanda juu ya guta, anamgeukia. "Jumapili nitakuja, mama anifundishe kusokota," anasema. "Na siku ya kupanda mkonge, maji nitakuja nayo mwenyewe, usinirudishe kuchota."