Disketi Iliyoitwa Tupu

Juzi mjini Thika nilimsindikiza jirani yangu mjane kuchapisha wasifu wa mumewe, wa kusomwa mazishini kesho yake. Mchapaji alitia disketi aliyopewa na jirani kwenye kompyuta, akaguna.

"Mathe, hii ni tupu. Mashine inauliza kama niisafishe itumike upya. Nibonyeze ndiyo?"

Jirani akamshika mkono. "Wee, usiguse! Mzee wangu yumo humo. Aliandikwa Ruiru, kwa kompyuta ya aina nyingine."

"Ah, yetu haisomi za aina hiyo."

"Basi sema haijui kusoma!"

Tuliirudisha Ruiru, ikafunguka mara moja, mzee mzima.

Mimi shule niliiacha mapema. Gazeti la Kihindi dukani silijui hata herufi. Lakini sijamwambia mwenye duka ati ni karatasi tupu, anipe nikawashie jiko.